Mradi wa Darasa la Sita, Kutaisi

Mwalimu Tsiala aliingia na kasha la viatu,
akalifunua kama mpishi asiyeamini kama kumeiva.
Ndani: vijidudu mia mbili, vyeusi, vyembamba kama kope.
"Wageni wenu," akasema, "kwa wiki tano."

Mgeni siku mbili. Hawa, siku ya tatu
ndio kwanza wakataka zaidi,
na jembe tukalishika sisi.
Mforosadi wa nyuma ya reli tuliukwanyua
mpaka ukabaki uchi.
Mvua ikinyesha tulikausha majani, moja moja,
kwa taulo la mazoezi,
maana jani lenye maji huwaharisha.

Tulipima. Milimita tatu. Kumi na moja. Arobaini.
Grafu ukutani ikapanda, ikavuka picha ya sayari,
ikagusa dari.
Darasa likinyamaza kwa hesabu ngumu
tuliwasikia wakitafuna.

Bachana, asiyesoma mstari bila kukwama mara tatu,
ndiye aliyemjua mgonjwa.
Alimnusa. Naapa, alimnusa kiwavi,
akamtenga kwenye kifuniko cha chupa,
na kesho yake, kweli, akafa.

Kisha wakaacha kula. Wakainua vichwa,
wakajifungia, kila mmoja kwa uzi wake,
uzi usio na fundo.
Vifukofuko mia moja themanini na saba.

Alhamisi likaja sufuria.
Hariri hutoka kwa maji ya moto,
na aliye ndani angali ndani.
Hilo halikuwamo kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni.
Tukapiga kura kwa mikono:
kumi na wanne, chemsha; tisa, waacheni.
Mwalimu alihesabu mara mbili,
kana kwamba mkono ungeshuka.

Uzi ukafunguka, ukapita ukumbini,
ukaenda ukarudi, na bado upo.
Nutsa aliuzungushia penseli hadi ikanenepa, ikang'aa.
Harufu ilikaa kwenye sweta zetu mpaka Jumatatu.

Sufuriani: mia moja themanini na sita.
Mwalimu hakuuliza.
Bachana alitazama dirishani, mkono mmoja mfukoni,
umetulia kama umeshika yai.

Juni, katikati ya mtihani wa jiografia,
nondo mweupe alitoka kwenye mkebe wake wa kalamu.
Hakuruka; hawa hawajui kuruka.
Alitembea juu ya ramani, akataga
pale penye mito ambayo Bachana hakuijaza majina.
Mayai ya manjano, yasiyo na baba, hayataanguliwa.

Sote tulirudishiwa karatasi zetu.
Yake hakurudishiwa.