Gari ni Gari

"Gari ni gari, mama," anasema Selengu,
anafuta boneti kwa mkono wa shati.
"Tena hili lina bei kuliko lile. Umeokota dodo."

Naliangalia. Linameta kweli.
Jekundu, fupi, tumbo shibri moja kutoka chini,
viti vingali kwenye nailoni,
linanukia duka la viatu siku ya kuamkia Idi.
Ningekuwa bibi harusi ningelipanda sasa hivi.

Sikuja kuolewa.
Nimekuja Mtwara na daftari la wanawake kumi na wanne,
wabanguaji wa Newala,
na karatasi yenye mhuri wako, Selengu, isome:
pikapu, nyeupe, dizeli, gia za mkono,
magurudumu yote manne yavute.
Yavute kwenda wapi? Bondeni kwenye maji,
kisha juu kwetu, tangi limejaa,
kwenye ule mchanga unaomeza hata baiskeli.
Hili lako likifika pale
litalala kifudifudi kama mgeni aliyezidisha ming'oko.

"Shangazi, tuliwashe tu, tusikie mlio."
Chinguile, toa mkono.
Ukiliwasha, ukazunguka nalo hadi Shangani ukarudi,
kesho wataandika: walilipenda, walilitumia.
Hata mlango usiuegemee.

Mwezi wa kumi nilipeleka magunia ghalani.
Karani akachoma kipimo, akatazama, akasema:
unyevu, rudi nazo, kaanike.
Nikarudi nazo. Umbali gani, sisemi.
Sikumwambia, "Korosho ni korosho, baba."
Wala wewe, enzi zile za kangomba,
ulipokuja na bakuli lako lenye kitako cha mashaka...
haya, hayo tuyaache.

Aliyeagiza jembe akaletewa saa ya dhahabu
atapalilia kwa mishale yake?

Anaongeza kofia. Anaongeza kalenda.
Anaongeza petroli, full tangi,
nami niliandika dizeli.
Mwisho anasukuma karatasi:
"Basi weka hata dole gumba, kwamba umepokea."

Dole gumba langu, Selengu, halina mistari.
Imebaki kwenye maganda, msimu kwa msimu,
mafuta ya korosho yameilamba yote.
Mashine ya benki ilinikana mbele ya foleni nzima.
Ndiyo maana nilijifunza kuandika jina refu,
Somoe Saidi Nantanga,
na jina hilo halitui chini ya neno "nimepokea"
mpaka kilicholetwa kifanane na kilichoandikwa.
Sikulitunga mimi. Limo kwenye sheria,
Mwanaidi amenisomea kwa simu, mara mbili,
maana ya kwanza mtandao ulikata
penye neno "kukataa".

Lete letu, au rudisha hela. Zote,
na nauli ya watu wawili.

Ametoka nje kuongea na Dar es Salaam.
Namwona kwenye kioo, mkono unapunga
kama anayefukuza nzi.
Funguo ziko mezani, na kining'inio chake cha ngozi.
Sizigusi.
Kwenye daftari, mstari wa gari, naandika "bado",
kwa penseli.

Basi letu ni saa saba.
Nikifika, Bi Nurubi hataniuliza sheria,
ataniuliza rangi.
Nitamwambia. Jekundu, dada.
Zuri, hadi niligeuka mara ya pili.