Pa Kuweka Masikio

Ndekirwa aliniita Jumamosi, kule Pasua,
karakana iliyo nyuma ya mashine ya kusaga,
vumbi la sembe limetua juu ya bawa
kama mvi za mtu asiyezeeka bado.
"Fundi, mwili umekamilika.
Miaka sita ya gundi na nyuzi za kioo.
Sasa nionyeshe masikio tuyaweke wapi."

Mimi ni mtu wa redio.
Nimefungua za wajane, nimefungua za vilabu vya mbege,
nimetoa mende waliokufia ndani wakisikiliza taarifa ya habari.
Ndege sijawahi kuigusa.
Lakini sauti ni ile ile: huingia palipoachwa wazi.

Nikaizunguka, viatu mkononi.
Ndege ya bati hubeba antena nje, mgongoni,
kama mwiba wa kambare,
kwa kuwa bati halipitishi neno.
Hii ya kioo haiyazuii mawimbi;
yanapita kama mwanga kwenye chandarua.
Tungeficha kila kitu ndani,
upepo usikwaruzwe hata na unywele.

Ya satelaiti: juu ya dashibodi, itazame mbingu.
Ya kuijibu rada: tumboni, na sahani ya shaba juu yake,
mbali na mapaja ya rubani, maana ile hupiga kelele.
Ya kuzungumza yataka kusimama wima,
na mkia ulikuwa wima, mtupu, unangoja.
Aikaruwa, mkewe, alishakata utepe wa shaba:
sentimita hamsini na sita kwenda juu,
hamsini na sita kwenda chini,
amepima kwa futi yake ya cherehani.

Nikasema, ngoja.
Nikachomeka sindano mbili za mita kwenye ngozi ya mkia.
Kioo hakipitishi umeme. Mshale ulipaswa kulala.

Mshale ukaamka.

Mashine ya kusaga nayo ikanyamaza,
sijui mahindi yaliisha au umeme ulikatika.
Elinami, kijana wao, akatazama kucha zake.
Masika yaliyopita aliangusha ngazi, mkia ukapata ufa.
Baba alikuwa Same, msibani.
Akakuta kipande cha kitambaa cheusi, kaboni,
alishasikia kina nguvu kuliko kioo,
akabandika tabaka mbili, akapiga msasa, akapaka nyeupe.
"Nilitaka uwe imara," akasema.

Na ni imara kweli. Imara kama ukuta,
na ukuta hausikii.

Ndekirwa hakufoka.
"Kumbe ningeruka," akasema, "niite, nisijibiwe,
nidhani mnara umelala."

Tukaanza upya, chini, kwenye magunia.
Bawani? Bawa limelala, mnara huongea wima.
Karibu na injini? Cheche zitakula kila herufi.
Nikawaambia pia, ili wasije kunilaumu:
ukiwa upande wa Rombo, mlima mzima utakaa kati yako na mji,
na hakuna shaba itoboayo mlima.
Mwisho tukapata ubavu wa kushoto, nyuma ya viti,
viganja viwili kutoka kwenye nyaya za usukani.
Si pazuri. Panatosha.

Elinami akakoroga gundi mwenyewe.
Gundi ina dakika thelathini;
ikikauka, kosa nalo linakuwa ndege.
Akakandamiza utepe kwa kidole gumba,
polepole, hadi Bubble ya mwisho ya hewa ikatoka.

Ikabaki moja, ya kuomba uokozi.
Hakuna aliyemtazama mwenzake.
Hiyo hutafutiwi pa kusikika vizuri;
hutafutiwa pale patakapobaki.
"Ni wapi huvunjika mwisho?" kijana akauliza,
na baba akaonyesha kwa kidevu, hakusema.

Kabla hatujafunika,
Aikaruwa aliingiza kichwa na penseli,
akaandika ndani, gizani, ambako hatasoma mtu:
hapa usitoboe.