Diski ya Tatu

Taa ya tatu iligeuka rangi ya chungwa
Jumanne usiku, Oulu ikiwa nyuzi ishirini na saba chini ya sufuri,
nami nimevaa soksi moja tu, mwenzake sijamwona.
Kisanduku kinakaa chini ya ngazi,
kati ya mbao za kutelezea thelujini na kreti ya viazi.
Miaka sita kimenguruma pale kama paka aliyeshiba.
Sasa sauti imebadilika: tik. Kimya. Tik, tik.
Kama mtu anayetafuta jina la mtu.

Nilizinunua zote nne siku moja,
duka moja, katoni moja, kwa punguzo,
nikadhani nimenunua ujanja.
Kidole kimoja hakivunji chawa, nilimwambia Marjut,
ikifa moja, tatu zitaibeba.
Sikuwaza kwamba waliotoka tumbo moja
huugua msimu mmoja.

Mpya ilifika Alhamisi kwa posta, imeviringishwa mapovu ya plastiki.
Nikachomoa mgonjwa, bado ana moto.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
lakini pengo lilijaa, likabana vizuri,
na skrini ikaandika:
kujenga upya, saa thelathini na moja.

Saa thelathini na moja!
Zile tatu zikisomwa chembe kwa chembe, kutoka ukingo hadi kitovu,
hazijawahi kutumikishwa hivyo tangu zitoke kiwandani.
Asilimia kumi na nane. Nikala viazi.
Asilimia arobaini. Nikawasha sauna,
nikaizima kabla sijavua shati, kwa kuhofia umeme.
Arobaini na tatu, diski ya kwanza ikaitikia:
tik.

Nilikuwa na flashi moja, ndogo kama ukucha wa gumba,
haibebi hata sehemu ya hamsini ya vilivyomo.
Kianze nini?
Picha za harusi? Marjut anazo, mama yake anazo,
na mimi sizitazami.
Risiti za kodi? Serikali haijasahau.
Miaka kumi na minne ya mazoezi ya kwaya ya karakana ya mabasi,
besi ya pili ikipotea njia kila Jumatatu,
na besi ya pili ni mimi.

Mkono ukaenda wenyewe
kwenye faili ambalo sikujua kama nalikumbuka:
shemeji Urho, dakika arobaini,
akieleza namna ya kufungua kabureta ya mashine ya theluji.
Kamera imeelekea darini. Yeye haonekani hata kidogo.
Unaona balbu, unaona doa la maji lenye umbo la kiatu,
unasikia: "Hii usiikaze sana.
Nimesema usiikaze."
Halafu spana inaanguka, anacheka,
anakohoa, anaanza upya.

Nililinakili hilo kwanza.
Nikalinakili mara mbili.
Mengine yalifuata bila adabu ya foleni.

Ijumaa usiku wa manane kazi ikaisha.
Mafaili saba hayakusomeka.
Skrini ilinipa majina yao, tarakimu tupu,
mwezi wa Agosti, mwaka wa kumi na mbili.
Nimejaribu kuikumbuka Agosti ile.
Nadhani tulichuma beri. Nadhani ilinyesha.
Labda ni kidole changu tu mbele ya lenzi, mara saba.
"Umepoteza nini?" Marjut akauliza kwenye simu.
"Sijui," nikasema,
na nikamsikia anasubiri niendelee.

Diski ya kwanza nimeiagizia mrithi,
safari hii duka lingine, mji mwingine.
Ya tatu niliifungua kwa bisibisi ya nyota,
nikatoa sumaku mbili, kali, zikanibana kidole hadi damu.
Kufa kufaana.
Moja imeng'ang'ania spana ya Urho ukutani, haitaki kubanduka.
Nyingine iko kwenye mlango wa friji, imeshika karatasi:
maziwa,
mkate wa rai,
soksi,
nakala ya pili, ikalale kwa Marjut.