Frasila Arubaini

Nina karatasi moja,
ndani ya kasha yangoja,
imechakaa, si hoja,
yasema: arubaini.

Frasila za karafuu
kavu, nyekundu, za juu,
nikipindua kwa guu
juani pale jamvini.

Mnunuzi, Bwana Kranzi,
mwembamba kuliko mwanzi,
kwa ukwaju meno ganzi,
ofisi yake Mjini.

Akasema, "Bibi Mize,
meli yaja, nisikize,
mwezi ujao ulize,
pesa zako mkononi."

Mwezi ulipoandama
Wete habari zavuma:
mrithi kapigwa chuma,
yeye na mke, garini.

Nikamwuliza Shaame,
ndugu yangu wa kiume:
"Ugomvi wa wafalme,
karafuu zina nini?"

Kanijibu kwa mkato:
"Ni ndugu, tangu utoto,
wanagombania vito
vya bibi yao, kasrini.

Vito vyenyewe ni sisi,
na bandari, na nanasi,
na reli yaenda kasi,
mkonge wa mashambani."

Nami nafunga safari
na cheti changu, tayari,
nikalala kwa Badiri,
jamaa wa Malindini.

Jumapili, kama nyundo,
pakapasuka kishindo,
chokaa yajaa pindo
la kanga yangu mwilini.

Meli ya Kiingereza,
mashine wazitengeza,
moto hawajakoleza,
ililala bandarini.

Ya Kranzi ikatokea
kusini, ikasogea,
mizinga ikaongea,
chai bado i mekoni.

Saa tatu nikaona
machela yakipishana;
baharia, ni kijana,
"mama" aita njiani.

Nikenda kwa Bwana Kranzi;
mlangoni kuna nzi,
kufuli kubwa la enzi
na lakiri kitasani.

Askari kanambia:
"Kranzi ni adui pia,
deni nalo limefia
humo humo kifungoni."

"Kumbe deni lina dini?
Lina bendera kichwani?
Karafuu zi tumboni
mwa meli, meli ya nani?"

Mwaka wa tatu wa vita
Wete wakaja kuita:
mabega wanatafuta
ya kubebea barani.

Kariakoo, wasema,
kazi nyepesi, na nyama,
mshahara, na huduma,
na kibati cha shingoni.

Shaame kawa nambari,
kachorwa kwenye sufuri;
jina halina safari,
limebaki mlangoni.

Mzigo, frasila moja
na nusu, bila kungoja,
risasi, koja kwa koja,
tope hadi viunoni.

Mizani mimi najua:
frasila nimeinua
tangu bado sijakua,
hatua kumi, ghalani.

Yeye, mwaka na miezi,
hana viatu, hawezi,
tumbo lakata mizizi
kwa unga wa makambini.

Alorudi ni Ayubu,
mbavu zake za hesabu,
hakunipa la jawabu,
kanitia kiganjani

kile kibati. Chepesi,
wakia haikihisi.
Nikakitia, upesi,
kitangani mwa mizani.

Upande wa pili, cheti
changu. Nikavuta kiti,
nikatazama kibati
kikienda chini, chini.

Vita kwisha, na Wazungu
wakagawana mafungu,
Tanga i katika chungu
cha Mwingereza, jikoni.

Ujira wa marehemu
nadai. Hula kalamu
karani: "Rudi kwa zamu,
hayumo daftarini."

Ndani ya kasha, pamoja
vyalala. Nami nangoja
mfalme hata mmoja
abishe hodi, nyumbani.

Nimtilie kahawa,
akae vizuri, sawa,
hadi kikombe kupowa:
"Tuanze na lipi deni?"