Kadi ya Ngazi

Natandaza mezani kadi arobaini
kama apangaye sahani asijue idadi ya wageni.
Nje, theluji ya Tartu imepanda hadi vizingitini.
Urmas ana miaka sitini na moja;
wiki ya sita hii, kinywani mwake
sijasikia ila salamu na kwaheri.

"Chagua moja. Usiifikirie."

Mkono unaipita nyumba, unampita mbwa,
unalipita birika lenye doa la kahawa
(doa ni langu, la Novemba),
unatua juu ya ngazi.

Nami, mjuzi wa mambo, nikajiandaa:
kupanda, kushuka, kuteleza.
Swali lilikuwa tayari ulimini.

Akaigeuza kadi, ikalala ubavu.
"Hii si ngazi. Ni reli.
Ndugu yangu Vello alihesabu mataruma
tukienda shule.
Alifika mia tatu na kumi na mbili."

Kipasha joto kikakoroma ukutani.
Swali langu nikalimeza
kama kidonge bila maji.

"Wewe ulikuwa mbele yake, au nyuma?"

"Nyuma. Siku zote nyuma.
Siku ile tu ndipo nilipotangulia."

Mteja wa saa tisa alipobisha hodi
kadi ilikuwa bado imelala ubavu.
Sikuisimamisha.