Rangi ya Kauri

Amekuja tena Ermete Bocchio, saa mbili na robo,
kofia mkononi, na plagi nne katika kopo la peremende,
kila moja imeviringishwa kwa gazeti la jana
kama yai.

Anataka zilezile. Za baridi.
Namba ileile waliyoitumia vijana wa mbio za mlimani
mwaka aliotokea wa tatu, Biella hadi Oropa.
Hilo nalijua. Halipiti juma sijalisikia,
na kona ya nne huzidi kuwa kali
kila anapoisimulia.

Nazifungua juu ya kaunta.
Nyeusi. Nyeusi. Nyeusi.
Ya nne imelowa, inanuka petroli
kama mtu aliyelala na nguo za kazi.

Baba aliniachia duka hili, deni la benki,
na macho ya kusoma kauri:
ikiwa nyeupe kama chokaa, moto umezidi, iombee pistoni;
ikiwa nyeusi, injini inakula isichoweza kukichoma;
ikiwa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo,
nyamaza, funga boneti, nenda nyumbani.

Watu hudhani plagi ya baridi ina cheche ya baridi.
Cheche ni ileile.
Tofauti iko kwenye pua: fupi huliaga joto upesi,
ndefu hukaa nalo, likakaa nayo,
na katika kukaa huko masizi yakaungua.

"Siku hizi unakwenda nayo wapi?"
Akatazama kalenda ya matairi ukutani,
ya mwaka juzi.
"Andorno."
"Basi?"
"Andorno na kurudi."

Kilomita tano. Injini haijatoka hata jasho.
Gia ya pili, ya tatu, taa nyekundu,
halafu makao ya wazee, ghorofa ya kwanza,
Delfina dirishani, shali magotini.
Jina la mumewe limemtoka tangu Krismasi,
lakini mlio wa ekzosi ya Giulietta anaujua:
wauguzi wanasema huinua mkono
gari lingali nyuma ya kanisa.

Jumanne lilikohoa, likabaki na silinda tatu.
Mkono haukuinuka.

Haya yote aliyasema akiikunja kofia,
kama anayetaja hitilafu ndogo ya breki.

Nikavuta droo ya chini.
Nyuzi zilezile, shingo yenye urefu uleule,
maana shingo ikizidi hugongana na pistoni
na hapo hakuna msamaha.
Pua tu ndiyo ndefu zaidi.
Akaigeuza kwenye mwanga. "Hizi ni za gari la posta."
"Ni za mtu anayekwenda Andorno."
"Na nikitaka kupanda Oropa?"

Nguo ya kuazima haisitiri, nilitaka kumwambia,
hata kama uliyemwazima ni wewe mwenyewe
ukiwa na miaka ishirini na sita.
Sikumwambia. Nikamfungia na nne za baridi,
mpya, kwenye kopo lake la peremende.
"Hizi za Oropa."
Akalipia zote bila kuomba punguzo,
jambo ambalo halijawahi kutokea.

Alizifunga mwenyewe hapo nje, theluji ikidondoka kutoka paa.
Mwanya alioupima kwa bamba jembamba kuliko ukucha,
akapima tena, akatukana kidogo kwa Kipiemonte.
Kisha vidole kwanza, spana baadaye,
kama alivyofundishwa na watu ambao wote wamekwisha kufa.

Leo amerudi na plagi moja.
Kauri yake, kahawa na maziwa.
Akaiweka mbele yangu, akarudi nyuma hatua moja
kama mtoto aliyeleta daftari.

Nilitaka kumuuliza habari za mkono.
Lakini alikwisha kuingia kona ya nne,
gia ya tatu, changarawe kulia,
na hakuna mtu anayezungumza na dereva pale.