Kandambili ya Pili

Newala nimeichora mwenyewe
kwa kipanya kilichokufa kitufe cha kulia,
usiku, stesheneri ikishafungwa,
mashine ya fotokopi bado ina joto la mchana.
Picha ya kwanza: ukungu wa Julai
unapanda kutoka Shimo la Mungu
kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Ya pili: ghala la chama cha msingi, mizani, magunia.
Ya tatu ni yeye, chali, kule chini kwenye mawe,
Dadi Chitanda, karani wa mizani,
na salfa ya njano ndani ya kucha
ingawa hakuwa na mkorosho hata mmoja.

Ni mchezo tu. Unasoma, unabofya, unachagua.

*Mhoji mlinzi.*
*Mhoji mjane.*
*Mfuate mnunuzi hadi Tandahimba.*

Wote nimewapa sababu, mimi si mchoyo.
Mlinzi Nampanda: magunia yake saba
yalipanda mizani, hayakushuka kwenye daftari.
Mjane, Mwanahawa, nimemchora akifua shuka saa nane za usiku
katika mji ambao ndoo ya maji hununuliwa.
Mnunuzi anacheka kwa upande mmoja wa mdomo;
upande huo ulinikesha siku tatu.

Ukimchagua mlinzi, anafungwa, kioo kinakuwa cheusi.
Ukimchagua mjane, anakoroga salfa kwenye kikombe cha bati
na anakutazama wewe, si kikombe.
Mnunuzi hapatikani. Gari lake tu, mlango wazi, redio inaongea.
Kisha mchezo unakurudisha asubuhi ileile:
Dadi mzima, ana uji mkononi,
anapuliza, ananitazama:
“Mshona magunia, umelala kweli wewe?”
Hapo ndipo nilipoweka pa kuhifadhi.
Asubuhi hiyo nimeirudia mara mia nne na kumi.
Sijawahi kumjibu. Sikuandika jibu.

Leo kaja Somoe wa kidato cha pili
kuchapisha kazi ya likizo, kurasa kumi na mbili,
printa yenyewe inakohoa.
Nikamwambia, cheza wakati unangoja.
Hakumbofya mtu.
Aliinamia picha ya tatu, pua karibu iguse kioo,
akakaa hivyo mpaka ukurasa wa tano.

“Kaka Sefu, si walisema alikutwa na kandambili moja?”
Moja, nikasema. Mji mzima unajua.
“Sasa hii?”

Kidole chake kilikuwa juu ya kichaka,
katikati ya genge, mahali ambapo ukiwa chini huoni,
ukiwa barabarani huoni,
huona tu aliyesimama ukingoni kabisa
akachungulia, akangoja kisikike kishindo.
Kandambili ya bluu. Mkanda umekatika,
umeshonwa kwa uzi wa magunia.
Mishono minne. Ya mwisho imepinda,
kwa sababu siku ile alikuwa ananiharakisha,
anacheka, mguu wake juu ya paja langu.

Sikumbuki kuichora.
Naapa. Nakumbuka mawe, nakumbuka kucha,
nakumbuka nilivyotafuta njano inayofaa.

“Nimebuni,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa
kama mteja aliyepewa chenji pungufu
anayekwenda kuihesabu nje.
Printa ikatema ukurasa wa kumi na mbili.
Akazipanga karatasi, akazigonga mezani zikae sawa,
taratibu mno, hakuniangalia.

Na mimi, nikiwa kati yake na mlango,
nikayaona maneno yanajiandika chini ya uso wake,
kwa herufi zangu, nilizozichagua mwenyewe:

*Mpe bahasha, aende.*
*Mwulize amemwambia nani.*
*Funga mlango.*

Nilitafuta pembeni pale pa kuhifadhi.
Hapakuwa na kitu. Ukuta, kalenda ya mwaka jana,
na ukungu umeshafika kizingitini.
Kishale kinapepesa.
Somoe anasema, “Shilingi ngapi?”
Anasema tena.